Koti la Chefe

Kazi yangu ni kuimba kwa mdomo wa watu wengine. Nimeifanya zaidi ya miaka ishirini hapa Palma, na bado watu wananiuliza kazi yangu hasa ni ipi. Nikiwaambia ninaandika nyimbo na kuigiza, wananiangalia viganja kuona kama vina sugu. Havina. Zamani nilikasirika, siku hizi nawaonyesha mwenyewe kabla hawajaangalia.

Kundi letu lilikuwa la watu saba. Tunacheza kile tunachokiita peça, mchezo ambao nusu yake ni maneno na nusu ni nyimbo, na jukwaa lake ni popote penye kivuli: mbele ya shule, ubavuni mwa ghala, pembeni mwa uwanja wa mpira. Shirika likija na chandarua, tunatunga mchezo wa chandarua. Likija jingine na sabuni, tunanawa mikono kwa sauti nne mpaka watazamaji wacheke. Sijawahi kuona aibu kwa hilo. Ndani ya nyimbo za chandarua nimeingiza mambo mengi ambayo mbu hawahusiki nayo, na wanawake waliokuwa wakisikiliza waliyajua.

Maneno yalikuwa yangu na mahadhi yalikuwa ya mwenzangu. Huyu alikuwa fundi redio mwenye gitaa lililofungwa nyuzi za kuvulia samaki. Nilimpa maneno yaliyoandikwa kwenye daftari la shule, naye aliyapitisha puani kwanza, akiguna, bila kufungua mdomo. Akifika kwenye neno lisilokaa vizuri aliguna mara mbili. Hakusema kitu, aliguna tu, nami nilijua napaswa kulifuta. Tuligombana kila siku ya Mungu. Watu waliamini tuna jambo letu, na mume wangu akiulizwa alijibu kwamba hakuna mwanamume mwenye akili atakayetafuta kelele za ziada nje wakati angeweza kukaa kimya kwake.

Mwenzangu alikuwa pia mtani wangu. Ukoo wao na wetu ni watani tangu huko tusikokujua, na kwa hiyo mama yake nami tulitukanana kwa raha zetu zote. Nilikuwa nikipita mlangoni kwake, pale anaposukia ukili, namwambia, "Ntani, hujafa tu?" Naye bila kuinua macho, "Nakungoja wewe utangulie, nile ubwabwa wako." Ndivyo tulivyosalimiana.

Lakini utani una kazi nyingine isiyo ya mzaha. Mtu akifa, siku ya arobaini, mtani wake ndiye anayemwigiza. Anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake, anakohoa kikohozi chake, anadai chai isiyo na sukari au yenye sukari nyingi, kadiri alivyokuwa. Waliobaki wanamuuliza maswali naye anawajibu kwa sauti ya aliyekwenda, watu wanacheka mpaka wanalia tena, na mwisho anawaaga. Bibi yangu mzaa baba alikuwa hodari wa kazi hii. Nilijifunza kuigiza kwa kumtazama yeye akiwa wanaume wanne au watano waliokwisha zikwa. Alinifundisha sharti moja tu. Mtani anaweza kumchekesha mtu aliye hai kwa maneno yoyote, anaweza kumwita mwizi na mchawi mbele ya wakwe zake, lakini nguo ya mtu aliye hai haivai. Inayovaliwa ni nguo ya aliyekufa.

Nalijua sharti hilo kuliko nijuavyo jina langu. Ndiyo maana bado sijui akili yangu ilikuwa wapi siku nilipolivunja.

Katika michezo yetu karibu yote kulikuwa na chefe, mkuu wa posto, yaani wa tarafa, yule bwana wa serikali anayekuja kijijini na daftari. Mwenzangu ndiye aliyekuwa chefe wetu. Alimwigiza kwa koti lake mwenyewe la kaki, na kwa mwendo wake mwenyewe pia, maana mguu wake wa kulia ulikuwa ukijirusha mbele kidogo tangu utotoni, akaona ni hasara kuuacha nje ya mchezo. Aliingia akiimba:

*Nimefika, nimefika, fungueni daftari,*
*asiye na karatasi asimame juani.*

Koti likazoea sanduku. Lilikaa na nguo za mchezo mwaka mzima, naye alilichukua siku za baridi tu, kama baridi hiyo inastahili kuitwa baridi. Sisi kwenye kundi tulikuwa tumekwisha kuliita koti la chefe.

Siku mji ulipovamiwa tulitawanyika. Sitayasimulia yote. Mimi nilikimbilia kaskazini, njia ya Quionga, na watoto wangu wawili na ndoo, mpaka mto Ruvuma, mpaka ng'ambo. Mwenzangu alionekana asubuhi ile karibu na soko. Mtu mwingine alisema amemwona alasiri amebeba gitaa. Mwingine alisema lilikuwa jembe. Baada ya hapo hakuna aliyesema lolote, na mtu akinyamaziwa hivyo huwezi hata kugombana na uongo.

Niliporudi Palma baada ya zaidi ya miaka miwili nilimkuta mama yake amerudi kabla yangu, amekaa palepale mlangoni, ukili mkononi. Nikasimama nikashindwa kumtukana. Yeye naye hakunitukana. Alinipa kigoda, akaanza kunihadithia habari za mwanawe. Anapenda samaki wa kuchoma asiyegeuzwa mara nyingi. Hapendi kuamshwa. Ana tabia ya kuacha redio za watu wazi mezani. Sikumsikia hata mara moja akisema alipenda, au alikuwa na. Kila shirika lililofungua orodha ya waliopotea, yeye aliandikisha jina, na usiku mlango wake haukufungwa kwa komeo. Miaka minne alikaa hivyo. Alikonda mpaka bangili zikawa zinapanda hadi kwenye kiwiko.

Kundi likaanza tena, watu wanne tukiwa tumebaki. Tukaombwa mchezo kuhusu bilhete, vile vitambulisho ambavyo nusu ya mji ilivipoteza msituni na majini. Nikaandika usiku mbili. Mchezo wa vitambulisho hauwezi kwenda bila chefe. Sanduku letu lilikuwa limesalimika kwenye stoo ya chuo cha Kurani, panya wamekula pembe moja tu. Kijana wetu wa ngoma alijaribu kuwa chefe, akawa kama mtu anayeomba msamaha. Nikamwambia, "Lete hilo koti." Nikalivaa.

Nasema wazi kwamba nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko yote. Niliingia na wimbo, mguu wa kulia ukajirusha wenyewe, bega likashuka, na sauti iliyonitoka haikuwa yangu. Nilimsikia. Nilihisi kwamba kwa mara ya kwanza tangu turudi tuko wawili jukwaani. Watu wa mstari wa mbele walikuwa wakicheka, nami nikaongeza, nikaguna puani kama alivyokuwa akiguna, nikaangalia daftari langu la uongo, nikaimba ubeti wa pili.

Mama yake hakuwa na kawaida ya kuja kwenye michezo. Siku ile alikuja kwa sababu walisema mchezo ukiisha watu wa vitambulisho wataandika majina. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, upande wa wanawake. Nilimwona akisimama polepole. Akachukua upande wa kanga, akajifunika kichwa, akaweka mikono miwili juu yake. Kisha akatoa ile sauti ya kilio cha msiba.

Wanawake waliokuwa karibu walimtazama, wakalitazama koti, wakanitazama mimi. Nikaona wameelewa, na wameelewa vile ambavyo mtu yeyote wa kwetu angeelewa. Ngoma ikanyamaza. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, tena ya heshima, "Ntani kaleta habari."

Mimi nilivaa koti la chefe. Wao waliona mtani amevaa koti la mtu.

Nilipolivua na kufika nyumbani kwake, mikeka ilikuwa imekwisha kutandikwa uani na majirani wameanza kuchota maji. Nikapenya mpaka chumbani. Alikuwa amekaa sakafuni, uso mkavu.

"Mama," nikamwambia, "lile koti la mchezo. La chefe. Sina habari yoyote mie."

"Nnalijua lile koti. Kifungo cha pili nlishona mie."

"Sikumwona. Nakuapia. Sikuona kitu wala sikusikia kitu."

"Ntani hana haja ya kuona."

"Nimekosea, mama. Ni makosa yangu, si habari."

Akanishika mkono. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimepasuka kwa ukili. "Nsikilize," akasema. "Miaka minne wanakuja na karatasi. Jina la ntoto, jina la baba, alivaa nini. Naandika. Wanakwenda. Hakuna hata ntu mmoja aliyekuja na uso wa kunambia. Leo wewe umekuja. Mambo mengine usinambie. Usinrudishe kule nlikotoka."

Nikainuka. Nafikiri pale ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili halikuwa la bahati mbaya. Ningeweza kutoka uani nikawaambia watu wote wakunje mikeka. Nilitoka nikashika ndoo, nikaenda kuchota maji.

Mwalimu wa msikiti alikuja jioni. Ni mtu mpole, hapendi ugomvi na wanawake wa kilioni. Alisema kwamba mtu aliyepotea ana hukumu zake, zimeandikwa, na hazitokani na mchezo. Mama wa mwenzangu akamjibu, "Kweli, mwalimu," akamwandalia kahawa, na matanga yakaendelea. Usiku ule alifunga mlango kwa komeo. Asubuhi nikamsikia akimwambia jirani kwamba mwanawe alipenda samaki asiyegeuzwa mara nyingi. Alipenda. Nilikuwa nasonga ugali, nikaendelea kusonga mpaka ukashika chini.

Siku ya arobaini ilipokaribia alituma mtu kuniita. "Umeanza, umalize," akasema. Na kwa nani mwingine angesema? Mtani ni mimi.

Nilivaa koti tena, safari hii kwa haki yake. Uani palijaa. Nikatembea mwendo wake, nikadai chai, nikailalamikia. Mjomba wake, kaka wa mama yake, akauliza iko wapi redio yake aliyoipeleka kutengenezwa kabla ya vita. Nikaguna puani, nikamwambia, "Basi mjomba, ile redio ilikuwa imekufa kabla yangu." Watu wakacheka hasa. Hata yeye mama alicheka, nikaona meno yake ambayo sikuwa nimeyaona tangu tulipokimbia. Nikafikiri, haya, tunakaribia mwisho, nitaaga, itakuwa imekwisha, na labda huu ndio wema uliokuwa ukitakiwa.

Ndipo mama yake akasema, si kwangu, kwake, "Mwanangu, ulifia wapi?"

Hakuna anayeulizwa swali hilo siku ya arobaini. Marehemu wetu huwa tunajua walifia wapi, tumewaosha wenyewe. Bibi yangu hakunifundisha jibu lake. Na mimi nimekaa miaka ishirini jukwaani, najua jambo moja: mwigizaji akiulizwa hanyamazi. Mdomo unafunguka kabla moyo haujafikiri.

"Njia ya Quionga, mama," nikasema kwa sauti yake. "Baada ya minazi kwisha, penye nkorosho uliopasuka. Nlichoka. Nkakaa chini. Nkalala."

"Uliumia?"

"Sikuumia."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi. Nikaaga, nikavua koti, nikalirudisha sandukuni.

Mahali pale sikupabuni. Mkorosho ule upo, nilipumzika chini yake mimi mwenyewe na wanangu siku tulipokimbia. Nilihitaji mahali, nikachukua pangu.

Haikupita wiki mbili mjomba akaomba ruhusa kwa wakubwa na kwa askari wa njiani, akapewa saa chache. Mama yake alikwenda. Mimi nilikwenda kwa sababu nisingeweza kutokwenda. Njia nzima nilikuwa nikisali wasikute kitu, niwaambie mvua imepita, wanyama wamepita, tuchukue udongo kiganja kimoja turudi. Nilikuwa na maneno yote tayari.

Walikuta mifupa. Haikuwa chini ya mkorosho wenyewe, ilikuwa hatua thelathini hivi, kwenye majani. Ya mtu mmoja. Nguo zilikuwa zimeoza, lakini kulikuwa na makubazi ya tairi, yale ya kukatwa na kushonwa kwa waya, mazima kabisa.

Mwenzangu hakuwahi kuvaa makubazi ya tairi. Alikuwa na maringo ya miguu, alivaa viatu vya kamba hata ufukweni, mchanga ukiingia akivua na kukung'uta na kuvaa tena huku sote tunamsubiri. Mama yake aliyajua hayo kuliko mimi. Aliyatazama yale makubazi muda mrefu. Kaka yake alianza kusema kitu. Yeye akasema, "Aliyapata njiani. Siku ile watu walisaidiana." Akavua kanga yake ya juu, akaitandika.

Nilipokuwa nikimsaidia kukunja pembe za kanga nilikumbuka harufu. Siku tulipopumzika pale mwanangu mdogo aliziba pua, nikamwambia ni mnyama. Au nafikiri nilimwambia. Nimemuuliza siku hizi, yeye hakumbuki kitu. Huenda nimeitunga baadaye, kazi yangu ni kutunga. Lakini ikiwa ni kweli, basi aliyekuwa pale alikuwa amekwisha kufa wakati mwenzangu alikuwa bado anaonekana sokoni.

Tulimzika kwa jina la mwenzangu, kwa sala na kila kitu.

Mama yake sasa analala. Amenenepa, bangili zimerudi mahali pake. Juzi nimepita mlangoni akanipigia kelele tangu mbali, "Wewe, ntani, hujafa tu na ubaya wako huo?" Watu wakacheka njiani. Nilipaswa kumrudishia. Nilisema, "Bado, mama," nikaendelea kutembea. Nina hakika aliliona hilo, na hajaniuliza.

Kundi linaendelea, lakini michezo yetu haina tena chefe. Naandika kwa shida. Zamani, hata alipokuwa amepotea, nikiandika neno baya nilimsikia akiguna puani mara mbili, nami nalifuta. Tangu mazishi yale sijamsikia hata mara moja. Badala yake kuna mtu mwingine. Sauti yake ni nyembamba, ya mtu mdogo kuliko sisi, na haigunii maneno yangu kwa sababu hayamhusu. Anaimba kitu chake, kama wanavyoimba watu wa bara, wa njia ya Pundanhar, mstari mmoja unaopanda na kukatika. Najaribu kuuandika. Kila nikifika pale unapokatika sina cha kuweka.

Mwezi huu amekuja mwanamke mmoja nyumbani kwangu mchana, nikiwa napepeta mchele. Simjui. Alivua viatu nje, akakaa, akakataa maji. Kutoka kwenye mfuko aliokuja nao alitoa shati la mikono mifupi, limekunjwa vizuri, limepigwa pasi. Akasema ametoka huko bara, kijiji kimoja cha njia ya Pundanhar. Mwanawe alikuja Palma kutafuta kibarua wiki chache kabla ya vita na hajarudi.

"Wameniambia huku yuko ntani ambaye ukimpa nguo anajua walipo," akasema. "Mie si ntani wako, dada. Lakini nimekuja na nguo."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mimi ni mwigizaji, sijui kitu, walimdanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaliweka shati juu ya ungo, juu ya mchele wangu, akalinyoosha kola kwa kidole gumba.

Nilitaka kumuuliza mwanawe alivaa viatu gani siku alipoondoka. Swali lilikuwa ulimini. Kama angejibu, tungejua wote wawili, na kule makaburini kungekuwa na mama mmoja wa kumpa na mama mmoja wa kumnyang'anya.

Nikamuuliza mwanawe alikuwa akitembeaje.